Je, Waingereza walipaswa kuupigia kura mkataba wa Brexit? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, saa tano usiku kwa saa za London. Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa imeshagonga saa nane usiku ya tarehe 1 Februari. Swali lililowatoa watu jasho mwaka 2018 na 2019 halikutoka pamoja nayo: serikali ikishajadiliana namna ya kutoka kwenye jumuiya ya kimataifa, je, mkataba urudishwe kwa wananchi waupigie kura, au Bunge linatosha? Haya ndiyo maswali tunayokutana nayo zaidi.

Hiyo "kura ya pili" ilikuwa ya kuamua nini?

Wengi waliichukulia kama marudio ya mechi. Waliokuwa wakiidai hawakukubali jina hilo. Kampeni yao, iliyozinduliwa Camden, London, tarehe 15 Aprili 2018, ilijiita Kura ya Watu, na hoja yake ilikuwa kwamba kukubali posa si kufunga ndoa. Mwaka 2016 watu waliulizwa kama wanataka kutoka. Hawakuulizwa watoke vipi, maana mkataba wa kutokea haukuwepo. Ulipopatikana, Novemba 2018, ulikuwa na kurasa 585: haki za raia wa pande zote mbili, malipo ya takriban pauni bilioni 39, kipindi cha mpito, na utaratibu wa mpaka kati ya Ireland ya Kaskazini, iliyo sehemu ya Uingereza, na Jamhuri ya Ireland, ambao ndio uliowasha moto.

Ndani ya Bunge wazo hilo lilivaa nguo tofauti kidogo na kuitwa kura ya uthibitisho. Bunge lingeupitisha mkataba kwa sharti kwamba usianze kutumika hadi wananchi waukubali, na wakiukataa nchi ibaki Ulaya. Usichanganye hili na kura ya "tutoke au tubaki". Katika kura ya uthibitisho, upande wa kutoka una hati mkononi yenye kurasa zinazosomeka.

Si wananchi walishaamua mwaka 2016?

Walishaamua. Tarehe 23 Juni 2016 watu 17,410,742 walichagua kutoka na 16,141,241 wakachagua kubaki, yaani asilimia 51.9 kwa 48.1. Waliojitokeza walikuwa asilimia 72.2. England na Wales zilichagua kutoka, Scotland na Ireland ya Kaskazini zikachagua kubaki.

Tatizo liko kwenye karatasi yenyewe ya kura. Ilikuwa na swali la sentensi moja na visanduku viwili: cha juu kubaki, cha chini kutoka, weka X kwenye kimoja. Basi. Hapakuandikwa soko la pamoja, wala umoja wa forodha, wala malipo, wala Ireland. Aliyetaka Uingereza iwe kama Norway, nje ya Umoja lakini ndani ya soko lake, na aliyetaka kukata kila uzi waliweka X kwenye kisanduku kile kile cha chini. Ilipofika siku ya kuandika mkataba, wote wawili walikuwa na haki ya kusema "mimi sikuchagua hiki", na wote wawili walisema.

Matokeo ya 2016 yalikuwa na nguvu ya sheria?

Hapana. Sheria ya 2015 iliagiza kura ipigwe, ikaishia hapo. Linganisha na kura ya maoni ya 2011 kuhusu mfumo wa kuchagua wabunge: sheria yake ilimbana waziri autekeleze mfumo mpya endapo "ndiyo" ingeshinda. Kwa Brexit hakukuwa na kifungu cha aina hiyo. Ndiyo maana tarehe 24 Januari 2017 Mahakama ya Juu, majaji 8 kwa 3, iliamua kwamba serikali haiwezi kutuma taarifa ya kujitoa bila idhini ya Bunge kwa njia ya sheria. Bunge liliitoa idhini hiyo, na barua ikafika Brussels tarehe 29 Machi 2017. Hapo saa ya miaka miwili ya Kifungu cha 50 cha mkataba wa Umoja wa Ulaya, kinachohusu nchi kujitoa, ikaanza kuhesabu.

Lakini sheria na siasa ni vitu viwili. Kijitabu ambacho serikali ya David Cameron ilikisambaza majumbani kabla ya kura, kwa gharama ya pauni milioni 9.3, kiliahidi wazi kwamba serikali itatekeleza kile wananchi watakachoamua. Mwananchi aliyepokea karatasi hiyo mlangoni kwake hana sababu ya kujali kwamba kura ilikuwa "ya ushauri tu". Wapigania kura ya pili walioegemea neno "ushauri" walijipunguzia wafuasi wenyewe.

Nani angeruhusiwa kupiga kura? Mtanzania au Mkenya anayeishi Uingereza je?

Kwa daftari la 2016, ndiyo. Walioruhusiwa ni raia wa Uingereza, wa Ireland na wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, wanaoishi Uingereza kihalali na waliojiandikisha. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda walikuwa ndani, kwa pasipoti zao za nyumbani. Mkongo, Mrundi na Mwomani walikuwa nje, isipokuwa wawe na uraia wa Uingereza au wa nchi nyingine ya Madola.

Kejeli yake ni kwamba Mjerumani au Mpolandi aliyeishi London miaka 20 hakuruhusiwa, ingawa kura ilihusu maisha yake kuliko ya mtu mwingine yeyote. Wamalta na Wakupro waliruhusiwa kwa sababu nchi zao zimo katika Madola. Waingereza waliohamia nje kwa zaidi ya miaka 15 nao walifungiwa mlango, hata waliokuwa wakiishi Hispania.

Baadhi ya waliodai kura ya pili walitaka raia wa Ulaya na vijana wa miaka 16 waongezwe. Tunaona hilo lingekuwa kosa kubwa la kimbinu. Ukibadilisha daftari kati ya mzunguko wa kwanza na wa pili, aliyeshindwa atasema umebadilisha wachezaji, na hutakuwa na jibu.

Kuandaa kura kungechukua muda gani?

Hapa ndipo mjadala mwingi ulipokwama, ingawa majukwaani hapakutajwa sana. Uingereza haina sheria ya kudumu inayoruhusu serikali kuitisha kura ya maoni wakati wowote. Kila kura inahitaji sheria yake. Kituo cha utafiti wa katiba cha chuo kikuu cha UCL, London, kilikadiria Oktoba 2018 kwamba muda wa chini kabisa ni kama wiki 22, nao unakwenda hivi.

Kwanza muswada. Ule wa 2015 uliwasilishwa tarehe 28 Mei na kuwa sheria tarehe 17 Desemba, karibu miezi saba. Ukiharakishwa na wabunge wakiwa na nia moja, wiki 11 zinaweza kutosha. Nia moja hiyo haikuwepo.

Pili, kupima swali. Tume ya Uchaguzi huwapelekea wananchi wa kawaida rasimu ya swali na kuwasikiliza wanavyolielewa, kazi ya hadi wiki 12 inayoweza kwenda sambamba na muswada. Si mapambo. Swali la kwanza la 2015 liliuliza tu kama Uingereza ibaki mwanachama, jibu ndiyo au hapana. Tume ikaona linaelemea upande wa kubaki, kwa kuwa kutoka hakukutajwa kabisa, ikashauri maneno "au itoke" yaongezwe na majibu ya ndiyo na hapana yaondolewe. Serikali ikakubali.

Tatu, kipindi cha kampeni chenye masharti, kisichopungua wiki 10. Tume huteua kundi moja linaloongoza kila upande. Mwaka 2016 kila kundi teule liliruhusiwa kutumia hadi pauni milioni 7, pamoja na ruzuku ya hadi 600,000 na nafasi ya matangazo kwenye televisheni. Katika siku 28 za mwisho serikali hairuhusiwi kuchapisha nyenzo zinazohusu swali la kura.

Sasa piga hesabu. Mkataba uliidhinishwa na viongozi wa Ulaya tarehe 25 Novemba 2018 na siku ya kutoka ilikuwa 29 Machi 2019: siku 124, hata wiki 18 hazifiki. Hata kama Bunge lingeamua asubuhi ile ile, muda usingetosha bila kuomba nyongeza.

Mambo madogo nayo huharibika. Tarehe 7 Juni 2016, saa chache kabla ya daftari kufungwa, tovuti ya kujiandikisha ilizidiwa na watu ikaanguka, na ikabidi muda uongezwe kwa sheria ya haraka hadi usiku wa tarehe 9. Kura ya dharura huacha nafasi ndogo ya kurekebisha jambo la namna hiyo.

Ulaya ingekubali kusubiri?

Kuongeza muda kulihitaji kauli moja ya nchi zote 27 zilizobaki, lakini kura ya maoni au uchaguzi zilikuwa miongoni mwa sababu walizoziona za maana. Kikwazo kilikuwa uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa Mei 2019: Uingereza ikiwa bado mwanachama, lazima ishiriki. Mwishowe ilishiriki hata bila kura ya pili, na chama kipya cha Brexit kikachukua viti 29.

Kuhusu kubadili nia kabisa, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilijibu tarehe 10 Desemba 2018: nchi iliyotoa taarifa inaweza kuifuta peke yake bila kuomba ruhusa ya wengine, mradi ifanye hivyo waziwazi, bila masharti, na kabla mkataba haujaanza kutumika. Kwa hiyo "kubaki" kungeweza kuwekwa kwenye karatasi kama chaguo la kweli, kwa masharti yale yale ya zamani.

Swali lingeandikwaje? Machaguo mawili au matatu?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na aliyekuambia ni rahisi hajalifanyia hesabu.

Palikuwa na njia tatu: mkataba wa Theresa May, Waziri Mkuu wa wakati huo, kutoka bila mkataba, na kubaki. Ukiweka mbili tu, lazima umwache mtu nje. Mkataba dhidi ya kubaki? Wanaotaka kutoka bila mkataba watasema wameibiwa ushindi wao. Mkataba dhidi ya kutoka bila mkataba? Milioni 16 waliochagua kubaki hawana pa kuweka X. Ndiyo maana Julai 2018 Justine Greening, aliyewahi kuwa waziri wa elimu, alipendekeza zote tatu ziwekwe na kila mtu aandike chaguo la kwanza na la pili.

Linasikika la haki. Chukua mfano wa kubuni wa wapiga kura 100. Arobaini wanataka kubaki kwanza, kisha mkataba. Thelathini na watano wanataka kutoka bila mkataba, kisha mkataba. Ishirini na watano wanataka mkataba. Kati yao 15 wangeangukia kubaki na 10 kutoka bila mkataba. Hesabu raundi ya kwanza: mkataba una 25, ndio wa mwisho, unaondolewa. Kura zake zinagawanywa: kubaki kunapata 55, kutoka bila mkataba 45. Kubaki kumeshinda.

Rudi sasa kwenye karatasi zile zile uzipambanishe mbilimbili. Mkataba dhidi ya kubaki: 60 kwa 40, mkataba unashinda. Mkataba dhidi ya kutoka bila mkataba: 65 kwa 35, unashinda tena. Chaguo ambalo lingemshinda kila mpinzani uso kwa uso ndilo lililotolewa kwanza. Hakuna aliyeiba kura hata moja. Kanuni ya kuhesabu ndiyo iliyoamua, na kanuni hiyo ingeandikwa na wabunge ambao kila mmoja anajua upande wake unahitaji ipi.

Kwa kura ya mkataba, machaguo mawili ndiyo yanayoshika, mradi kila moja liwe kitu kinachotekelezeka kesho yake asubuhi.

Bunge lilikataa kura hii lini, na kwa kura ngapi?

Mara kadhaa. Kwanza kumbuka kwamba Bunge liliukataa mkataba wenyewe mara tatu mwaka 2019: 432 kwa 202 tarehe 15 Januari, 391 kwa 242 tarehe 12 Machi, na 344 kwa 286 tarehe 29 Machi. Katikati yake Spika John Bercow aliikumbusha serikali kanuni inayorudi nyuma hadi 1604: Bunge halirudishiwi swali lile lile katika kikao kile kile. Wapigania Kura ya Watu walilichekea sana hili. Waziri Mkuu alikuwa akiwauliza wabunge mara ya pili na ya tatu huku akisema ni mwiko kuwauliza wananchi mara ya pili.

Wazo la kura ya wananchi lilipata kura 85 tu dhidi ya 334 tarehe 14 Machi, kwa kuwa chama kikuu cha upinzani, Labour, kiliwaagiza wabunge wake wasipige kura siku hiyo. Tarehe 27 Machi, wabunge walipopewa nafasi ya kusema wanataka nini, kura ya uthibitisho ilipata 268 dhidi ya 295. Ilishindwa, lakini katika mapendekezo manane ya siku hiyo hakuna lililopata "ndiyo" nyingi kuliko lenyewe. Tarehe 1 Aprili ilikaribia zaidi: 280 kwa 292. Wabunge saba wangegeuka, historia ingekuwa nyingine. Baadhi ya walioizuia walikuwa wa Labour kutoka majimbo yaliyochagua kutoka.

Hoja nzito ya wapinzani ilikuwa ipi?

Kwamba sharti la pili halikutajwa kabla ya mchezo kuanza. Zile nyingine (gharama, uchovu wa wapiga kura, mgawanyiko) ni nyepesi zaidi. Kura ya 2016 iligharimu takriban pauni milioni 129, fedha nyingi lakini si za kufilisi nchi. Lakini mtu aliyeambiwa "hii ndiyo nafasi yako, tutatekeleza", kisha akaambiwa "hebu thibitisha", ana haki ya kuuliza kama angeombwa kuthibitisha iwapo angechagua kubaki. Jibu la kweli ni kwamba asingeombwa.

Kuna nchi zilizowahi kupiga kura mara mbili?

Ndiyo, hata kwa mikataba ya Ulaya yenyewe. Denmark iliukataa mkataba wa Maastricht tarehe 2 Juni 1992 kwa asilimia 50.7, ikapewa misamaha minne, ukiwemo wa kutotumia sarafu ya pamoja, na Mei 1993 ikaukubali kwa 56.7. Ireland iliukataa mkataba wa Nice 2001 ikaukubali 2002. Ikaukataa wa Lisbon 2008 ikaukubali 2009. Kenya nayo iliikataa rasimu ya katiba Novemba 2005, chungwa (alama ya "hapana") likaiangusha ndizi ("ndiyo"), kisha Agosti 2010 ikapitisha rasimu nyingine, kijani ("ndiyo") dhidi ya nyekundu ("hapana").

Angalia kinachofanana: kila mara kulikuwa na kitu kipya mezani kati ya kura ya kwanza na ya pili. Kitu hicho kwa Uingereza kilikuwepo, nacho ni mkataba. Ila Denmark na Ireland zilirudishwa kwa wapiga kura baada ya kusema "hapana", na anayesema hapana anajua amekataa nini. Waingereza walisema "ndiyo" kwa kitu ambacho hakijaandikwa.

Uchaguzi mkuu wa Desemba 2019 haukuwa ndiyo kura yenyewe?

Kwa matokeo, ndiyo. Boris Johnson, aliyempokea May uwaziri mkuu, alirudi na mkataba uliorekebishwa tarehe 17 Oktoba 2019, akaenda kwenye uchaguzi tarehe 12 Desemba, akapata viti 365. Labour, iliyoahidi kujadiliana upya ndani ya miezi mitatu na kuitisha kura ndani ya miezi sita, ilianguka.

Kwa hesabu ya kura ni habari nyingine. Conservative, chama cha Johnson, walipata asilimia 43.6. Labour, Liberal Democrats, SNP cha Scotland, Greens na Plaid Cymru cha Wales, vyote vilivyotaka kura ya pili au kufuta Brexit, vikijumlishwa vinapita 50 kidogo. Lakini mwenye kujumlisha hivyo ajue kwamba mtu humpigia Labour kwa sababu ya hospitali pia. Uchaguzi mkuu unauliza maswali 20 kwa karatasi moja. Ni kipimo kibovu cha mkataba mmoja. Hata hivyo ndicho kilichotumika.

Basi walipaswa au hawakupaswa?

Kwa maoni yetu, walipaswa, lakini uamuzi huo ulikuwa wa kufanywa 2015 ndani ya sheria ile ile ya kwanza: mzunguko wa kwanza kuamua tuanze mazungumzo, wa pili kuamua juu ya hati. New Zealand ilifanya hivyo ilipobadilisha mfumo wake wa uchaguzi, 1992 kwa nia na 1993 kwa uamuzi wenye nguvu ya sheria, wala hakuna aliyelia kwamba amegeukwa. Wazo halikuwa geni Uingereza: Jacob Rees-Mogg, ambaye baadaye alikuwa mstari wa mbele kutaka nchi itoke, alisema bungeni Oktoba 2011 kwamba kura mbili zingeweza kuwa na maana zaidi, ya pili ikija baada ya mazungumzo. Kufika 2019, dawa ile ile ilikuwa imeshakuwa silaha ya upande mmoja.

Huku kwetu, nchi ikitaka kutoka Jumuiya ya Afrika Mashariki, wananchi hupiga kura?

Mkataba wa Jumuiya hauhitaji kura ya wananchi. Tanzania ilipojitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000 nayo haikuitisha. Kifungu cha 145 cha mkataba wa Afrika Mashariki kinataka mambo mawili: azimio la Bunge la nchi husika, na taarifa ya maandishi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu. Kinasema pia, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba nchi inaweza kuifuta taarifa hiyo kabla ya miezi 12 kwisha, jambo ambalo Ulaya ilibidi iende mahakamani kulijua. Na azimio ni lazima liungwe mkono na angalau theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, si ya waliohudhuria ukumbini siku hiyo.